Kesi za uvuvi haramu zinafia kwenye karatasi. Askari wetu tuwafundishe nini?

Mzee wa Mwalo (mleta uzi)

Wakuu, habari za humu ndani. Mimi ni mstaafu. Miaka 27 nimekuwa afisa uvuvi kanda ya ziwa, nimelala mialoni, kule samaki wanakoshushwa, kuliko nilivyolala kitandani kwangu, mama watoto ni shahidi. Siku hizi nasikia sana habari ya kuwapa polisi, wanamaji, waendesha mashtaka na mahakimu mafunzo ya kupambana na uhalifu kwenye uvuvi. Naunga mkono. Ila kila anayeelezea mafunzo hayo anaanza na boti za mwendo kasi, bunduki na droni. Ngoja niwape kisa.

Usiku mmoja, wilaya siitaji, tulisimamisha kenta. Juu magunia ya dagaa, chini sangara wachanga, wengine hawajafika hata urefu wa kiganja na nusu. Mwenye macho haambiwi tazama. Vijana wangu walishangilia, wakapiga picha na simu, wakaandika "kilo 640". Asubuhi samaki wameanza kutoa harufu, bosi mmoja akaamuru wagawiwe shule ya jirani. Watoto wakala, tukapongezwa.

Mahakamani wakili wa utetezi aliuliza maswali matano tu. Mzani ulikuwa wapi? Hapakuwa na mzani, tulikadiria. Mlipima samaki wangapi? Tuliangalia kwa macho. Shahidi huru aliyesaini hati ya ukamataji ni nani? Hakuna. Hakimu gani aliruhusu samaki wagawiwe? Kimya. Picha zilipigwa na nani, saa ngapi? Simu ilikuwa ya kijana aliyekwisha kuhamishwa. Tuliingia saa tatu, saa nne kasoro dereva yuko nje. Wiki iliyofuata alipita pale kwenye kizuizi chetu cha barabarani, akapunguza mwendo, akanisalimia kwa adabu zote: "Shikamoo mzee, poleni na kazi." Niliitikia. Ningefanyaje?

Msione ni jambo la wilayani tu. Wakubwa wenzangu mnaikumbuka Tawariq 1. Machi 2009, meli ya doria ya Afrika Kusini, Sarah Baartman, ikiwa na wakaguzi wa nchi kadhaa wakiwemo wetu, iliikamata ndani ya ukanda wetu wa bahari kuu ikiwa na karibu tani 300 za samaki, wengi jodari. Nchi nzima ikawaita "samaki wa Magufuli", maana hayati ndiye alikuwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi. Baharini kazi ilifanyika vizuri sana. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ikawatia hatiani nahodha na wakala. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikafuta kila kitu kwa sababu kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka hakikupatikana kabla ya kesi kuanza. Samaki walishaliwa, meli ilishaoza bandarini, na sisi tukabaki tunatazamana.

Karatasi moja, wakuu. Ndiyo maana nasema askari afundishwe kwanza kuandika, kupima na kutunza kielelezo, halafu ndiyo apewe boti. Karibuni mnipinge.

---

Ngalawa Mbovu

Mzee umesema kupima nikakumbuka 2018, maafisa wa uvuvi walivyoingia kantini ya Bunge Dodoma na rula. Samaki kwenye sahani anapimwa! Kantini ikapigwa faini ya laki tatu, wabunge wakachachamaa, Mpina, Waziri wa Mifugo na Uvuvi wa wakati huo, akaomba radhi. Hayo ndiyo mafunzo mnayoyataka?

---

Mzee wa Mwalo

Ngalawa umenichekesha hadi chai imenipalia. Lakini turudi kwenye rula, kwa sababu watu wanaidharau.

Kumpima samaki kuna namna yake. Unamlaza ubavu kwenye ubao ulio bapa wenye kizuizi mwanzoni. Pua inagusa kizuizi, mdomo umefungwa, mkia umenyooshwa, unasoma pale mkia unapoishia. Sasa askari asiyefundishwa anachukua futi ya fundi cherehani, anaipitisha juu ya tumbo. Tumbo la sangara ni kama kilima, futi ikipanda na kushuka, samaki wa sentimita 48 anakuwa wa 51. Sheria inataka sangara asipungue 50, sato asipungue 25. Kwa hiyo kwa futi ile ile umemwachia mhalifu. Na ukimpima mdomo wazi, au mkia umekatwa, umemwonea mtu. Huyo wa kukaangwa sizungumzii kabisa, mafuta yamekwisha kumkunja.

Nyavu nazo vivyo hivyo. Jicho linavutwa likakaza, unapima fundo hadi fundo la upande wa pili, unarudia sehemu mbalimbali za wavu, unaandika kila namba. Nimeona mtu amepima jicho moja tu, tena lililochanika, wavu wa shilingi milioni kadhaa ukachomwa moto. Mwenye wavu alikuwa na haki. Alilia mbele yetu kama mtoto.

---

Wakili Asiye na Joho

Mleta uzi umegusa penyewe. Niongeze upande wa mahakama, kwa lugha ya kawaida.

Samaki ni kielelezo kinachooza. Huwezi kumweka stoo ya kituo miezi minane kama panga. Kwa hiyo sheria inaruhusu ateketezwe au agawiwe kabla ya kesi, lakini kwa amri ya hakimu. Hapo ndipo wengi wanajikwaa. Wanaenda kwa hakimu na fomu, hakimu anasaini, mtuhumiwa yuko mahabusu hajui lolote. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya nyamapori ilisema mtuhumiwa lazima awepo mbele ya hakimu na asikilizwe kabla ya amri kutolewa. Nyamapori na samaki, kwa hoja ya kuoza, ni ndugu. Kumpandisha mtuhumiwa gari hadi kwa hakimu ni kazi ya nusu saa. Usipoifanya, kesi ya miaka miwili inaondoka nayo.

Pili, makosa makubwa ya uvuvi yakishtakiwa chini ya sheria ya uhujumu uchumi, yanataka kibali cha DPP, huyo Mkurugenzi wa Mashtaka, na kesi ikisikilizwa mahakama ya chini inataka pia hati ya kuipa mamlaka. Karatasi mbili tofauti. Nimeshuhudia moja imeletwa, nyingine imesahaulika, na watu wanatoka huku wanapigiana makofi mgongoni.

Kwa hiyo ukiniuliza mafunzo yawe ya nani, nitakwambia wakae darasa moja: afisa uvuvi, askari mpelelezi, mwendesha mashtaka. Wapewe jalada moja la kubuni, walifanye kuanzia boti inaposimamishwa hadi hukumu. Siku hizi kila mmoja anafundishwa chumba chake, wanakutana kizimbani kama wageni.

---

Sina Hamu

Mzee kiinua mgongo kimechelewa nini? Naona una muda.

---

Mzee wa Mwalo

Kimekuja, na nimenunulia ng'ombe. Endelea kufuatilia uzi, kijana.

---

Kibua Mkavu

Mimi ni mvuvi, Kilwa. Mmejaa humu maafisa na mawakili, acheni na sisi tuseme.

Huku tatizo letu kubwa lilikuwa baruti. Aliyekulia pwani anaujua mlio ule: uko majini unazamia, unasikia "tup!" kifuani kabla ya masikioni. Mwaka 2015 kuna watafiti walipita pwani yote ya Tanzania na vinasa sauti vya majini, karibu mwezi mmoja tu wakanasa milipuko zaidi ya 300, na zaidi ya nusu yake iko ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam! Pua na mdomo na makao ya polisi.

Na askari walikuwa wanakuja. Wanakimbiza mashua, kijana anatupa chupa majini, ushahidi umezama. Wanarudi mikono mitupu au wanamkamata mwenye mashua ya jirani. Kilichobadilisha mambo, kwa macho yangu, ni kile kikosi kazi cha mwaka huo huo wa 2015 kilichowaweka pamoja polisi, uvuvi, misitu na wanyamapori. Hao waliacha kukimbizana na mrushaji peke yake, wakaanza kuuliza: hii baruti imetoka mgodi gani, fataki ya kuilipulia kauza nani, nani anakopesha mashine ya boti, samaki anapokelewa na gari la nani? Miaka iliyofuata mlio ulipungua sana. Haujaisha, ila sasa nikizamia nasikia kasa anatafuna majani.

Jingine. Samaki wa baruti anajulikana hata nchi kavu. Mshike, nyama inabonyea kama embe lililoiva kupita kiasi. Mpasue: damu imevilia kwenye uti wa mgongo, kibofu cha hewa kimechanika, mara nyingine uti wenyewe umevunjika, mbavu zinaachana na nyama. Nje anaweza kuwa mzima kabisa, unamsifu. Askari aliyesimama soko la samaki la Feri, Dar, akifundishwa kupasua samaki mmoja kwa kila tenga, hana haja ya kwenda baharini. Baharini atakuja kutapika tu.

---

Wakili Asiye na Joho

Kibua nakuunga mkono, na tahadhari moja. Askari akishapasua, asiende mahakamani kusema "nilijua ni wa baruti". Ataulizwa taaluma yake. Ampeleke kwa mtaalamu wa samaki, apate ripoti iliyosainiwa, na yule aliyempasua aeleze samaki alikaa kwenye barafu ya nani tangu saa ngapi. Mnyororo wa kielelezo ukikatika sehemu moja, umekatika wote.

---

Mbuta254

Salamu kutoka Homa Bay. Hapa kwetu sangara tunamwita mbuta, sato ni ngege na dagaa ni omena, kwa hivyo msishangae jina.

Kenya tuna kipande kidogo cha ziwa, kama asilimia 6, lakini wavuvi ni wengi kama siafu. Tangu Novemba 2018 tunalo shirika la walinzi wa pwani, Kenya Coast Guard Service, lililozinduliwa Liwatoni, Mombasa, na wako hata huku ziwani. Shida yetu ni kwamba mvuvi wetu akitupa wavu, samaki haoni mpaka. Jamaa anaenda kulala Kenya anaamka amekamatwa na Waganda, wanamwambia yuko majini mwao. Stori ya Migingo mnaijua, kile kisiwa cha jiwe kilichojaa mabati ambacho Kenya na Uganda wamekigombania. Uganda nao waliweka jeshi ziwani 2017, na waliopitia mikononi mwao hawasimulii wakicheka.

Kwa hivyo mimi naongezea hivi: hayo mafunzo yafanywe pamoja, nchi tatu. Wote wako kwenye shirika moja la uvuvi wa ziwa lenye makao Jinja, lipo tangu 1994. Lakini askari wa doria wa Kenya na wa Tanzania wanapokutana majini, kila mtu ameshika simu akitafuta namba ya bosi wake. Kama wangekuwa wamekaa dawati moja hata wiki mbili, mmoja angesema "aah, huyu ni yule tulikula naye ugali", kesi ingeisha kwa kuonyeshana GPS.

---

binti_ukerewe

Shikamoo mzee wa mwalo, na wote humu. Mimi nauza samaki, nimerithi kwa mama.

Nimesoma mpaka hapa sijaona mtu anayetutaja wachuuzi, na sisi ndio tunaokamatwa kila siku. Ile Operesheni Sangara ya 2018, msako wa uvuvi haramu, mimi nilikuwa na ndoo mbili. Ndoo mbili! Nilinunua mwaloni mbele ya watu wa BMU, kikundi cha wanajamii kinachosimamia mwalo, hakuna aliyeniambia ni wadogo. Nilipofika barabarani nikageuka mhujumu uchumi. Mwenye kokoro, ule wavu haramu wa kukokota, lililowavua yuko nyumbani kwake anakunywa uji.

Halafu mnajua jinsi mambo yanavyokwenda kizuizini. Askari anainua samaki mmoja, anatikisa kichwa, anasema "mama, hii kesi ni kubwa sana, sijui nikusaidieje." Hapo hakuna rula wala karatasi. Anasubiri nijisaidie. Mafunzo gani yataondoa hilo? Ninyi mnaosema karatasi, karatasi, mjue asiyeandika hajasahau. Hataki kuandika.

---

Mzee wa Mwalo

Marahaba binti yangu. Umenipiga pazuri, sina pa kujificha. Hao uliowasema nimefanya nao kazi, na baadhi nimewafundisha mwenyewe.

Nitakujibu kwa nilichokiona. Kituo kimoja tulianza utaratibu: kila gari au ndoo inayosimamishwa inaandikwa kwenye kitabu chenye kurasa za namba, nakala tatu, moja anapewa mwenye mzigo palepale hata kama ameachiwa. Haikuwa amri ya wizara, ilikuwa yetu wenyewe. Miezi miwili ya kwanza vijana walinuna. Walijua nikifungua kitabu nikaona saa sita hadi saa kumi usiku hakuna hata gari moja lililoandikwa, na barabara ile magari hayakatiki, nitauliza. Haikuondoa rushwa. Iliifanya iwe na jasho.

Na hili la mwenye kokoro kunywa uji ndilo kubwa kuliko yote. Vijana wanaovuta kokoro hawana kitu. Kokoro, mashine, mafuta, vyote ni vya tajiri, na tajiri ana daftari: fulani nimemkopesha nyavu, atalipa kwa samaki. Daftari lile ni ushahidi kuliko samaki wote wa kenta. Na ziwani sasa kuna mabondo, yale mafuko ya hewa ya sangara yanayokaushwa na kwenda China. Kilo ya mabondo makubwa ni pesa ambayo mvuvi haioni mwaka mzima. Pesa hiyo inapita benki, inapita kwenye simu, ina leseni ya kusafirisha nje, ina tamko la forodha. Nani kati ya askari wetu wa doria amefundishwa kusoma tamko la forodha? Mimi sikufundishwa. Nilistaafu sijui.

---

Nahodha Kitambo

Nimefanya kazi kwenye meli za nje, nizungumzie bahari kuu kidogo.

Huko mhalifu hana kokoro. Ana daftari la mavuno lililoandikwa vizuri kuliko la shule, chombo cha kutuma mahali alipo ambacho kinazimwa "kwa hitilafu", na jina la meli linalopakwa rangi upya. Januari 2018, kwenye Operesheni Jodari, maofisa wetu wakiwa kwenye meli ya Sea Shepherd, shirika la kutetea viumbe wa baharini, walipanda Buah Naga Namba Moja, meli ya bendera ya Malaysia, wakakuta mapezi ya papa. Kosa la mapezi linataka uhesabu: mapezi mangapi, miili mingapi. Papa aliyekatwa mapezi na kutupwa baharini hana mwili wa kuhesabiwa, kwa hiyo tofauti ile ndiyo kesi yenyewe. Mtu asiyejua atahesabu magunia. Kesi ile ilikwenda Mtwara na watu walitiwa hatiani, kwa hiyo tukijipanga tunaweza.

Jambo la pili ambalo askari hafundishwi: azungumze na mabaharia. Kwenye meli nyingi utakuta vijana wa Indonesia, Ufilipino, na wetu, pasi zao za kusafiria zimefungiwa kabati la nahodha, miezi kumi hawajashika mshahara. Hao wanajua kila kitu. Wanajua nyavu zilishushwa wapi, samaki walihamishiwa meli gani usiku. Mkaguzi anapanda, anakunywa kahawa na nahodha, anasaini, anashuka. Hajawahi kwenda jikoni. Mpishi ndiye anayejua siri za meli, amini maneno yangu.

Tatu, simu kwa jirani. Mwaka 2012 nchi za upande wetu wa Bahari ya Hindi zilianzisha mtandao wa kupashana habari, FISH-i Africa, na baadaye zikafika nane, kuanzia Somalia hadi Msumbiji na visiwani. Kuna meli ya Korea Kusini, Premier, iliyofanya makosa Liberia, ikakimbilia huku kwetu kutafuta leseni. Nchi za mtandao zikaambiana, milango ikafungwa, na mwaka 2013 Liberia ikalipwa dola milioni moja. Hakuna risasi iliyolia. Watu walitumiana barua pepe.

---

Ngalawa Mbovu

Yaani Liberia walilipwa milioni moja dola kwa imeili, sisi tulikamata meli nzima tukaishia mahakama ya rufani. Nanywa maji kidogo.

---

Mwalo wa Mwisho

Kigoma hapa. Kwetu Ziwa Tanganyika linafungwa Mei hadi Agosti, samaki wazaliane. 2024 ilikuwa mara ya kwanza, watu walilia, ila kasheshe ni kwamba ziwa ni la nchi nne. Swali kwa mzee: askari akikuta dagaa sokoni Juni, muuzaji anasema ni wa kabla ya kufungwa, nilikausha. Anatofautishaje?

---

Mzee wa Mwalo

Swali zuri, na jibu lake linarudi kule kule. Kwa macho atabahatisha: dagaa wa juzi ana rangi na harufu yake, wa mwezi uliopita anavunjika ukimkunja. Lakini kwa kesi, hayo hayatoshi. Kabla ya kufunga, hesabu akiba ya kila ghala, mpe mwenye ghala cheti cha kilo alizonazo. Akiuza, zinapungua kwenye cheti. Ukimkuta Juni na kilo nyingi kuliko cheti, maelezo atayatoa yeye.

---

askari_mgeni

Shikamoo wazee. Mimi nimepangiwa kituo cha mwaloni mwezi uliopita, sijawahi kukaa karibu na ziwa maisha yangu. Nimesoma uzi wote na nimeunakili kwenye daftari. Nina swali dogo, msinicheke. Juzi tulikuwa kwenye mtumbwi, mvua na mawimbi, nikajaza hati ya ukamataji, tulipofika nchi kavu wino wote umetiririka. Mnaandikaje majini?

---

Mzee wa Mwalo

Marahaba kijana, nani akucheke. Penseli. Penseli haitiririki hata karatasi ilowe chapachapa. Mimi nimeandika kwa penseli miaka 27.

---

Wakili Asiye na Joho

Mzee hapana! Penseli inafutika. Mimi nikiwa upande wa utetezi, hati ya penseli naimaliza dakika mbili. Peni, na hati uiweke ndani ya mfuko wa nailoni, uandikie humo humo mkono ukiwa ndani.

---

Mzee wa Mwalo

Wewe umewahi kuandika mkono ukiwa ndani ya mfuko, mtumbwi unayumba, na mtuhumiwa mwenye kasia amekaa nyuma yako?

---

Kibua Mkavu

Andika penseli majini, ukifika nchi kavu jaza nyingine kwa peni mbele ya mtuhumiwa na shahidi, wasaini, zote mbili uzipeleke.

---

Wakili Asiye na Joho

Mvuvi katushinda. Na ile ya penseli usiitupe, kijana, hata kama imelowa.